Jiko la peleti: usafi, matengenezo na hatari ya hewa isiyoonekana

Jiko la peleti huuzwa kwa sifa moja kubwa: halitoi moshi. Sifa hiyo ni ya kweli jiko likiwa jipya, peleti zikiwa kavu na feni ikizunguka sawasawa. Miezi michache baadaye, matundu yakishaziba kwa masizi na uji uliomwagika, jiko lile lile hutoa moshi kama la kuni, pamoja na hewa ya sumu isiyoonekana wala kunusika. Hapo ndipo mteja anapomrudia aliyemuuzia.

Kwa sababu hiyo, kulijua jiko hili si kazi ya mwenye nyumba peke yake. Mfanyabiashara anayevusha majiko mpakani ndiye anayeulizwa likiharibika, tena mara nyingi ndiye fundi pekee aliye karibu. Naye dereva anayebeba peleti anaweza kudhurika na mzigo wenyewe kabla haujafika dukani, jambo ambalo si wengi wanaolijua.

Peleti ni vidonge vidogo vya mbao. Vumbi la mbao au magome yaliyosagwa hukaushwa, kisha hushindiliwa kwa mashine yenye nguvu nyingi hadi yatoke vipande vigumu, vyenye unene wa milimita 6 au 8 hivi. Hakuna gundi inayotiwa: joto la mashine hulainisha lignini iliyomo ndani ya mbao zenyewe, nayo ikipoa hushika. Kwa ajili hiyo peleti ni kavu kuliko kuni yoyote. Kiwango cha kimataifa cha peleti bora za majumbani kinataka unyevu usiozidi asilimia 10 na majivu yasiyozidi asilimia 0.7.

Bidhaa hii imepata nguvu katika ukanda huu kutokana na vikwazo juu ya mkaa. Mei 2023 Rais Yoweri Museveni wa Uganda alitoa amri ya kupiga marufuku mkaa wa biashara katika mikoa ya kaskazini. Tanzania iliziagiza taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024, na Mei mwaka huo ikazindua mkakati unaolenga asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Huko Zambia, kampuni ya SupaMoto huuza peleti pamoja na majiko yake. Rwanda ilitangulia: kampuni ya Inyenyeri, iliyoanzia Gisenyi karibu kabisa na Goma, iliwapa wateja majiko na kuwauzia peleti hadi iliposimamisha shughuli zake 2020.

Majiko mawili, jina moja

Mkanganyiko wa kwanza hutokana na jina. Mtu akitafuta kwenye intaneti maelekezo ya kusafisha jiko la peleti, mengi atakayoyapata yanahusu jiko la Ulaya na Marekani Kaskazini, ambalo ni la kupasha nyumba joto wakati wa baridi kali. Jiko hilo ni kubwa kama kabati, lina mlango wa kioo, hutumia umeme wa ukutani, na lazima liwe na bomba la kutolea moshi nje ya nyumba. Usafi wake ni pamoja na kufagia bomba hilo na kubadili mpira wa kuzibia mlango.

Jiko la peleti linalouzwa katika nchi zetu ni la kupikia. Lina ukubwa wa ndoo ndogo, halina bomba, na feni yake huendeshwa na betri inayochajiwa kwa sola au kwa umeme wa kawaida. Maelekezo ya lile la kwanza hayamsaidii mwenye hili la pili, na wakati mwingine humpoteza. Aidha, mfanyabiashara akipata jiko la Ulaya ndani ya kontena la mitumba asilipeleke sokoni kama jiko la kupikia. Bila bomba lililofungwa na fundi, kifaa hicho hakifai kuwashwa ndani ya nyumba.

Makala haya yanahusu jiko la kupikia.

Moto unavyoshuka kutoka juu

Asiyeelewa jinsi jiko hili linavyowaka hawezi kulisafisha inavyotakiwa, kwa sababu hatajua ni tundu lipi lina kazi gani.

Ndani ya jiko kuna kikombe cha chuma. Peleti hujazwa humo mara moja, chini kidogo ya mstari wa matundu ya juu, kisha huwashwa kwa juu, si kwa chini. Feni husukuma hewa kidogo kupitia matundu ya chini. Hewa hiyo haitoshi kuchoma peleti zote, inatosha tu kuzipasha joto hadi zitoe moshi mzito. Moshi huo ukipanda hukutana na hewa ya pili inayoingia kwa nguvu kupitia matundu ya juu, nao hushika moto. Kwa maneno mengine, mwali anaouona mpishi ni moshi unaoungua. Ndiyo maana jiko zima halitoi moshi, na ndiyo maana matundu ya juu yakiziba moshi ule hutoka mzima mzima bila kuungua.

Moto hushuka polepole hadi chini ya kikombe. Ukifika chini, moshi wa kuchomwa umekwisha. Mwali hufifia na kuzimika, na kinachobaki ni makaa mekundu.

Hapo panahitaji uangalifu kuliko hatua nyingine yoyote. Mpishi huona mwali umezimika akadhani jiko limezimika. Kumbe makaa yaliyobaki hufanya kazi kama jiko la mkaa la kawaida, na jiko la mkaa hutoa kwa wingi hewa ya kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina rangi, haina harufu, wala haichomi macho. Ikiingia mwilini huchukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Moshi wa kuni humfukuza mtu jikoni kwa kikohozi, lakini hii humlaza.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, Marekani, walipima majiko haya yakitumika ndani ya nyumba nchini Rwanda na kuchapisha matokeo 2019. Waliona kuwa jiko la peleti linaweza kukaribia usafi wa jiko la gesi. Lakini si kila siku wala kila nyumba: palipotokea matumizi mabaya, kama vile kuongeza peleti juu ya makaa ya moto, uchafu ulipanda tena. Jiko lilikuwa lile lile, tofauti ikawa kwa mtumiaji.

Usafi wa kila siku

Kazi hii haizidi dakika tano na hufanyika jiko likiwa limepoa. Wengi huifanya usiku mara baada ya chakula, jiko likiwa bado la moto, na ndiyo wanaoungua vidole na kutoboa ndoo za plastiki. Ni bora kuifanya asubuhi kabla ya kuwasha.

Mapishi yakiisha, makaa yamwagwe nje ya nyumba kwenye kopo au ndoo ya bati yenye mfuniko unaobana. Mfuniko hukata hewa na makaa hufa. Kopo lenyewe likae juu ya udongo au saruji, mbali na ukuta wa mbao, mapazia, magunia ya peleti na vibanda vya maturubai. Makaa yaliyofunikwa na majivu huweza kubaki hai usiku kucha. Kuyamwaga kwenye shimo la takataka, au kwenye mfuko wa salfeti, ni kuualika moto saa nane za usiku wakati kila mtu amelala. Katika masoko ya mpakani, ambako vibanda vimebanana na vingi ni vya mbao, kopo la bati lenye mfuniko lingepaswa kuuzwa pamoja na kila jiko.

Makaa yaliyokufa si takataka. Hutumika tena kwenye jiko la mkaa, lakini nje, na majivu yake hufaa bustanini.

Asubuhi, kikombe kitolewe, kigeuzwe na kugongwa kidogo kwa mkono. Brashi ya rangi iliyo kavu hutosha kuondoa majivu ndani. Baada ya hapo kikombe kielekezwe kwenye mwanga na matundu yatazamwe, ya chini na ya juu. Mwanga unatakiwa kupita kwenye kila tundu. Lililoziba lizibuliwe kwa waya mwembamba au msumari mdogo unaopita bila kulazimishwa. Wapo wanaotumia msumari mkubwa na nyundo, na hao hupanua tundu. Tundu likipanuka hewa huingia kwa wingi upande mmoja, mwali hulala, na upande huo wa chuma huungua upesi kuliko mwingine.

Maji yasimwagwe kwenye jiko la moto kwa sababu yoyote ile. Chuma hupinda, mvuke huunguza uso, na maji hushuka hadi kwenye feni na betri. Ugali, uji au maziwa yakifurika, jiko liachwe lipoe, kikombe kitolewe, chakula kilichogandia kikwanguliwe kikiwa kikavu, kisha kifutwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo tu na kukaushwa juani kabla ya kurudishwa. Uji ndio adui mkubwa wa matundu ya juu: ukiungua huwa mgumu kama saruji.

Feni na betri

Feni ni mapafu ya jiko hili, lakini kwa kuwa imejificha chini hakuna anayeikumbuka. Mlango wake wa hewa huvuta kila kilichopo sakafuni: vumbi, nywele, manyoya ya kuku, unga. Mende nao hupenda kujificha humo kwa sababu ya joto. Mara moja kwa wiki jiko liinuliwe na mlango huo upigwe brashi kavu. Pampu ya baiskeli hufanya kazi nzuri ya kupuliza vumbi lililobaki.

Sauti ya feni ni kipimo tosha. Feni nzima huvuma kwa sauti moja laini. Ikikwaruza, kuna uchafu au imechoka. Ikipanda na kushuka, betri imekaribia kuisha au waya umelegea. Jiko ambalo feni yake imesimama katikati ya mapishi hujaza chumba moshi kwa dakika chache, kwa hiyo betri ichajiwe kabla ya kuanza kupika, si baada ya kuona feni inazubaa. Sola nayo ifutwe vumbi mara kwa mara, hasa inayokaa juu ya paa kandokando ya barabara ya lori.

Betri iliyovimba, inayovuja au inayopata joto kali wakati wa kuchajiwa itolewe na isitumike tena. Chaja ya simu ya bei rahisi isichomekwe kwenye jiko kwa kuwa tu imeingia. Volti zikitofautiana betri huharibika au hushika moto.

Jiko lenyewe husema

Fundi mzoefu hutazama mwali kabla hajafungua kitu. Mwali mzuri hujitokeza kwenye duara la matundu ya juu, umetulia, na huacha sufuria bila masizi. Mwali mrefu wa njano unaoacha sufuria nyeusi maana yake ni hewa ya juu haitoshi: matundu yameziba au feni imezidiwa. Mwali unaoruka na kutaka kuzimika unasema feni imewekwa juu mno. Moshi mweupe mzito bila mwali ni moshi ambao haujashika moto. Hapo milango na madirisha yafunguliwe na uso ukae mbali na mdomo wa jiko, kwa sababu moshi huo unaweza kulipuka mwali ghafla.

Vipande vigumu kama kokoto chini ya kikombe vinaashiria kuwa peleti zina mchanga au magome mengi. Mchanga huyeyuka kwa joto na kushikana na majivu. Mteja akilalamikia kokoto hizo, lawama si za jiko bali za kiwanda cha peleti, au za aliyezoa peleti zilizomwagika chini na kuzirudisha kwenye gunia.

Kila mwezi kikombe kikaguliwe kama kimepinda, kimepasuka au kimetoboka. Hicho ndicho kipande kinachokula moto wote na ndicho cha kwanza kuisha. Kikombe kilichotoboka kando hakizibwi kwa bati wala kwa kulehemu. Kinabadilishwa.

Kuwasha, kuongeza na kulala

Kwa kuwashia hutosha vijiti vikavu vilivyopasuliwa vyembamba, karatasi kidogo au gome la mti wenye utomvu. Petroli isitumike kabisa. Onyo hilo linawahusu hasa madereva, ambao petroli na dizeli haziko mbali nao: petroli hutoa mvuke unaotangulia kiberiti, na feni huusambaza mvuke huo. Mafuta ya taa, ambayo watu wengi huyatumia, huchafua hewa ya chumba na kuacha masizi kwenye matundu tangu dakika ya kwanza. Yakimwagwa kwenye jiko lenye moto huripuka usoni mwa aliyeyashika.

Kuongeza peleti katikati ya mapishi ndiko kosa linaloonekana zaidi. Mpishi wa maharage huona mwali umefifia, hutupa konzi mbili juu ya makaa, na chumba hujaa moshi. Jiko hili limetengenezwa lijazwe mara moja na liwashwe kwa juu. Mapishi marefu yanataka kikombe kikubwa, au kikombe cha pili kilichojazwa tayari. Mpishi akilazimika kurudia, makaa yamwagwe kwanza kwenye kopo la bati, nje, kwa glavu au koleo.

Jiko litumike mahali penye mlango au dirisha lililo wazi. Hakuna jiko la makaa, hata lenye feni ya aina gani, linalofaa kuachwa chumbani watu wakilala. Vituo vya mpakani vilivyo kwenye miinuko, kama Gatuna, Cyanika au Tunduma ya mwezi Juni, vina baridi ya usiku inayomshawishi mtu kuingiza jiko ndani ya chumba cha kulala wageni, au ndani ya kichwa cha lori akisubiri foleni. Kichwa cha lori ni chumba kidogo kuliko vyote na vioo vyake hubana. Makaa ya jiko moja yanatosha kuua waliomo.

Dalili za hewa hiyo hufanana na za magonjwa ya kila siku: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kulegea, usingizi mzito. Wengi hudhani ni malaria au chakula kibaya. Kuna mambo mawili ya kutofautisha. Homa haipo, na walio katika chumba kimoja huumwa kwa wakati mmoja, kisha hupata nafuu wakitoka nje. Mwenye dalili hizo atolewe nje haraka na apelekwe hospitali hata kama anasema amepona, na mhudumu aambiwe kuwa kulikuwa na jiko.

Mzigo wa peleti barabarani

Jambo hili ni geni kwa wasafirishaji wengi wa ukanda huu. Peleti hazihitaji kuwashwa ili zitoe kaboni monoksaidi. Zikiwa zimekaa tu, mafuta ya asili yaliyomo ndani ya mbao hushikana polepole na oksijeni ya hewani na kutoa hewa hiyo ya sumu, huku oksijeni yenyewe ikipungua. Peleti mpya kutoka kiwandani hutoa zaidi, peleti za msonobari hutoa zaidi, na joto huongeza kasi.

Ulaya ilijifunza kwa vifo. Novemba 2006, katika bandari ya Helsingborg, Sweden, baharia mmoja alikufa na watu wengine wakadhurika baada ya kuingia kwenye ngazi iliyopakana na shehena ya peleti kutoka Kanada. Hawakuingia hata kwenye shehena yenyewe. Uswisi, 2011, mama mjamzito alikufa baada ya kuingia kwenye chumba cha kuhifadhia peleti. Mapitio ya kitaalamu yaliyochapishwa 2012 yalitaja ajali za vifo zipatazo tisa barani humo tangu 2002.

Hizo zilikuwa shehena kubwa, na magunia machache nyuma ya duka lenye madirisha si hatari ya kiwango hicho. Lakini kontena lililojazwa peleti, likafungwa, likakaa juani siku kadhaa likisubiri ukaguzi wa forodha, ni chumba kilichozibwa. Milango ifunguliwe yote na iachwe wazi kwa muda wa kutosha kabla ya mtu kuingia. Kuli asiingie peke yake. Utingo asilale humo kulinda mzigo. Mtu akianguka ndani, anayemfuata bila kifaa cha kupumulia huenda akaanguka juu yake. Kinachotakiwa ni kuita msaada na kuingiza hewa. Ghala kubwa la peleti linahitaji matundu ya hewa juu na chini, na kifaa cha kupima kaboni monoksaidi ukutani. Kifaa hicho si ghali ukilinganisha na thamani ya mzigo.

Peleti pia hazipendi maji. Kidonge kilicholowa huvimba na kurudi kuwa vumbi la mbao ndani ya dakika chache, na hakuna juani pa kukirudisha. Hutunzwa kama saruji: juu ya mbao, mbali na ukuta, turubai zima juu. Gunia lililopata unyevu wakati wa masika ndilo linaloleta moshi na matundu yaliyoziba mezani kwa mteja, naye atasema jiko ni bovu. Vivyo hivyo kutupa magunia kwa nguvu huvunja peleti zikawa unga, na unga huziba njia ya hewa ndani ya kikombe. Muuzaji makini hupepeta peleti kabla ya kupima.

Aliyezoea kubeba mkaa ajihadhari na mizani. Mkaa hujaza lori kabla haujalilemea. Peleti ni kinyume chake: mita moja ya ujazo ina uzito wa kilo 600 hadi 750. Kontena la futi 40 lina takriban mita za ujazo 67, hivyo likijazwa hadi juu lingepita tani 40, wakati uwezo wake wa kubeba haufiki tani 30. Chini ya sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 ya udhibiti wa uzito wa magari, uzito wote wa lori na mzigo hauruhusiwi kuzidi tani 56. Kupakia peleti kwa macho, kama mkaa, ni kutafuta faini.

Vipuri na karatasi za mpakani

Jiko lisilo na vipuri karibu, au lisilo na peleti karibu, halina maisha. Mfanyabiashara anayeleta majiko 50 bila feni, chaja na vikombe vya akiba anajitengenezea malalamiko 50. Jiko la mitumba likipatikana kwa bei nzuri, lipimwe kabla ya kulipwa: feni iwashwe kwa robo saa, kikombe kitazamwe kwenye mwanga, na betri ishikwe baada ya kuchajiwa.

Forodhani, peleti za mbao huingia katika namba 4401.31 ya mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, na mkaa 4402. Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa sasa, kwa sababu karatasi iliyoandikwa mkaa inaweza kuuzuia mzigo wa peleti usio na kosa. Majiko ya kupikia ya chuma yanayotumia nishati ngumu yako chini ya 7321.19. Mfanyabiashara mdogo wa peleti zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya, mzigo wake usipozidi thamani ya dola 2,000, anaweza kuulizia cheti rahisi cha uasili pale pale mpakani, akihakikisha kwanza kuwa bidhaa hiyo imo katika orodha inayokubaliwa kwenye mpaka husika. Majiko yaliyotoka China hayaingii katika nafuu hiyo, hata kama yamenunuliwa Kampala au Kigali.